Ndiyo, Nilikwenda: Jibu kwa Wanaosema Mchungaji Amelazwa Usingizi na Mganga



Leo sina lile neno fupi la asubuhi. Jimiminie chai, ukae, usome mpaka mwisho, kwa maana wengi wenu mmeshasikia nusu ya habari hii, na nusu mliyoisikia imekaa vibaya.

Tangu Jumanne kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Ilianzia grupu la maombi, ikaingia la akina mama, ikaingia la vijana, na juzi mchungaji mwenzangu kutoka Voi akanitumia akiniuliza kama bado nimeokoka. Inasema mchungaji wenu huenda Diani kulazwa usingizi na mganga wa kisasa, kwamba nimefungulia mapepo mlango juu ya kanisa zima, na kwamba washirika wafunge siku 3 ili madhabahu itakaswe.

Ndiyo, nilikwenda. Mara 7. Mama mchungaji anajua, wazee wawili wa kanisa wanajua, na gharama nililipa kutoka mfukoni mwangu, si kwenye sadaka. Kuhusu safari, basi, hakuna ubishi. Ubishi ni juu ya lile neno "mganga", na juu ya jinsi tunavyowatendea watu wenye woga katika kanisa hili na mengine mengi kama letu. Hapo sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kwanza nikuambie mwenyewe ninachoogopa, usije ukasikia kwa mwingine. Naogopa feri.

Cheka kidogo, nakuruhusu. Mchungaji wa Likoni anayeogopa feri! Kivuko chenyewe ni kama nusu kilomita tu, na watoto wa shule huvuka kila asubuhi huku wakitafuna mahamri. Lakini ngoja kwanza.

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la sita, tukikaa Mtongwe. Ijumaa tarehe 29 Aprili, asubuhi, feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na gati, imejaa watu waliokuwa wakienda kazini kisiwani. Walikufa watu 272. Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, hakurudi. Mimi sikuwa ndani ya feri. Nilikuwa ufukweni nimeshika mkono wa mama, na nilichokiona sitakiandika hapa, kwa sababu wapo miongoni mwenu waliopoteza baba au mama siku ile na hawahitaji kukumbushwa na mimi.

Ajabu ni kwamba niliendelea kuvuka miaka mingi baada ya hapo. Woga ulinikuta nikiwa mtu mzima, nimeoa, nina kanisa. Jioni moja tumebanana kwenye feri, jua limezama, moyo ukaanza kunipiga kama ngoma, mikono ikafa ganzi, pumzi ikakataa. Nilidhani nakufa. Sikufa. Ila safari iliyofuata nilifika kwenye foleni nikageuka. Na iliyofuata. Mkinialika kuhubiri Kisauni nawaambia niko kwenye mfungo. Harusi ya Bamburi, nikamtuma mchungaji msaidizi. Mlidhani ninamlea katika huduma. Nilikuwa najificha nyuma yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo limenikosesha usingizi kuliko ile sauti yenu. Kuna mzee wetu, yule aliyetupa kiwanja cha kupigia hema la kwanza wakati hatukuwa na hata kiti. Alilazwa hospitali kule kisiwani. Saa nane mchana binti yake akanipigia: "Pasta, baba anakuulizia." Nikatoka mbio. Nikafika pale kwenye kungojea, watu wakaanza kushuka kuelekea feri, honi ikalia, na miguu yangu ikagoma. Watu wananipita kushoto na kulia, wengine wananisalimia, "Pasta, twende," nami nimesimama kama mti. Nikarudi juu. Nikakodi gari nizunguke Kwale, Kinango, Mariakani, ndipo nirudi Mombasa. Siku hizo njia ya Dongo Kundu ilikuwa bado. Nilifika usiku. Mzee alikuwa ameshalala tangu saa kumi na moja.

Niliiambia familia kwamba gari liliharibika njiani.

Huo ulikuwa uongo. Mjane wake nilimwendea mwezi uliopita, nikamweleza, nikamwomba msamaha. Ndiye aliyeniambia: "Mchungaji, andika, maana hauko peke yako." Basi ukiona andiko hili linakuudhi, ujue limeandikwa kwa ruhusa ya mama aliyekuwa na haki ya kukasirika kuliko wewe.

Najua unachotaka kuandika kwenye maoni. Mchungaji, si ungeomba tu?

Mpendwa, niliomba. Nilifunga siku 21. Alipokuja mtumishi mmoja kwa mkutano wa injili, nilimfuata chumbani alikofikia nikamweleza, naye akanimiminia mafuta kichwani, akakemea roho za baharini, akakemea agano la ukoo wa mama, akanisukuma kwenye paji la uso, nikaanguka kwenye godoro lake. Niliamka nina imani mpaka kwenye kucha. Kesho yake nikaenda feri. Honi ilipolia, magoti yakawa yale yale ya jana. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa na mzigo wa pili: kumbe sina imani! Mwenye woga mmoja akarudi nyumbani na woga wawili.

Hili ndilo ninalotaka ulione. Tunamchukua mtu anayeogopa feri, au lifti, au mbwa, au sindano, tunamwambia ana pepo. Tukimwombea asipopona, tunamwambia hana imani. Na asipopona tena, tunamwambia kuna dhambi ameficha. Mtu alikuja na tatizo moja la kusafiri, akaondoka na mashtaka matatu.

Na mimi ndiye niliyewafundisha kufanya hivyo, kwa hiyo simnyoshei mtu kidole. Kuna dada hapa kanisani, ameniruhusu nimtaje bila jina. Alikuwa mjamzito na hataki kwenda kliniki, kwa sababu akiona sindano anaanguka. Anaanguka kabisa, macho yamegeuka. Tukasema hiyo haihitaji mwalimu, ni pepo. Tulimkemea Jumapili tatu mfululizo, mimi nikiwa na maikrofoni. Jumapili ya tatu mzee mmoja akasema tuijaribu hiyo roho, akamwonyesha bomba la sindano pale madhabahuni. Dada akaanguka. Kanisa likalipuka kwa shangwe kwamba pepo limejidhihirisha.

Leo najua kilichotokea, na ninaona haya. Woga wa damu na sindano una tabia yake tofauti na woga mwingine: moyo na shinikizo la damu hupanda kwanza, halafu hushuka ghafla, damu ikapungua kichwani, mtu akazimia. Huo ni mwili. Kule Sweden, miaka ya 1980, mwanasaikolojia Lars-Göran Öst na mwenzake walikuwa tayari wanawafundisha watu wa namna hii kukaza misuli ya mikono, kifua na miguu kwa sekunde chache, kulegeza, na kukaza tena, ili shinikizo la damu lisianguke wanapoona sindano. Ndivyo alivyofundishwa dada yetu na muuguzi, na akajifungulia hospitalini. Mtoto mmemwona, ndiye yule anayepiga makofi nje ya wimbo. Sisi na maikrofoni yetu tungeweza kuwapoteza wote wawili.

Muuguzi huyo huyo, mshirika wenu, ndiye aliyenivuta pembeni baada ya ibada akaniambia kuna mwanasaikolojia Diani anayetibu woga, na kwamba hutumia pia hipnosisi. Nilimkatalia papo hapo. Hipnosisi! Mimi niliyehubiri mahubiri mawili dhidi yake! Nilichokuwa najua kuhusu hipnosisi ni filamu: mtu mwenye ndevu anayumbisha saa ya mnyororo, macho ya mwanamke yanageuka meupe. Nilihubiri kwa saa nzima juu ya kitu nilichokijua kupitia filamu. Nisamehe kwa hilo.

Acha nikueleze kilichotendeka, kwa sababu ile sauti imesema sana juu ya chumba ambacho msemaji hajawahi kuingia.

Siku ya kwanza hakuna aliyefunga macho. Tulizungumza tu. Aliniuliza habari za woga, afya, dawa ninazotumia, kama nimewahi kusikia sauti zisizokuwapo, kama nimewahi kutaka kujiua. Aliniuliza pia habari za imani yangu, na kama kuna maneno nisiyotaka yatumike. Nilimwambia sitaki neno lolote la roho wala nguvu za ulimwengu. Akaandika, akalishika hilo mpaka mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo waganga hawakuambii: kwamba tiba yenye ushahidi mwingi zaidi dhidi ya fobia ni kukikaribia unachokiogopa hatua kwa hatua mpaka mwili uzoee, na kwamba hipnosisi kwake ni msaidizi wa kazi hiyo, haifanyi kazi hiyo yenyewe. Akasema watu wachache huzama kwa urahisi sana, wachache hawazami kabisa, wengi tuko katikati. Akasema ninaweza kufungua macho na kutoka wakati wowote.

Akanieleza pia kwa nini woga wangu ulikuwa unanenepa. Kila nilipogeuka pale kwenye foleni, moyo ulitulia mara moja. Ubongo ukaandika: tumeokoka kwa sababu tulikimbia. Kwa hiyo ule utulivu niliokuwa nikimshukuru Mungu kwa ajili yake nikirudi nyumbani ndio uliokuwa ukiulisha woga. Nilikaa kimya muda mrefu niliposikia hivyo. Miaka yote nilikuwa namlisha simba nikidhani namkimbia.

Hipnosisi yenyewe ilianza siku ya pili. Nilikaa kwenye kiti. Aliniambia nitazame sehemu moja ukutani, nifuate pumzi, niache mabega yaanguke, macho yafumbe yakitaka. Akaniambia nichague mahali ambapo mwili wangu unapajua kuwa ni salama. Nilichagua baraza ya nyanya yangu kule Wundanyi, ukungu unapanda kutoka bondeni, harufu ya kuni mbichi. Hakuna bahari Wundanyi, bila shaka ndiyo maana nilipachagua. Nilisikia kila kitu. Nilisikia pikipiki nje, nilisikia muuza madafu akibishana na mtu juu ya chenji. Sikulala. Nilikuwa kama wewe unaposikiliza hadithi tamu redioni mpaka sufuria inaungua: upo, ila umekusanyika mahali pamoja.

Katika hali hiyo akaanza kuniletea feri kidogo kidogo. Kwanza barabara ya kushuka. Nikihisi moyo unapanda, nampa namba kati ya 0 na 10. Ikifika 6, tunarudi barazani kwa nyanya mpaka ishuke, halafu tunaenda tena. Siku nyingine honi. Siku nyingine ule mlango wa chuma unaokwaruza zege unaposhuka, harufu ya dizeli, bega la mtu mwingine kwenye bega langu. Alinirekodia, nikawa nafanya zoezi hilo nyumbani usiku, mama mchungaji akiwa amekaa pembeni anasuka.

Na baada ya hapo tukaenda Likoni kwa miguu yetu. Mara ya kwanza tulisimama tu tukitazama feri zikija na kuondoka, nusu saa. Mara ya pili tulishuka mpaka mwisho wa zege, tukarudi. Mara ya tatu tulivuka. Nilitoa jasho mpaka shati likabadilika rangi, namba ilifika 8, nikashika chuma cha pembeni, na tulipofika katikati, bila mtu kunifanyia lolote, ikaanza kushuka yenyewe. Tukavuka kurudi. Tukavuka tena. Tulivuka mara 6 asubuhi ile, mpaka mlinzi mmoja akatuuliza tumepoteza nini.

Huyo ndiye mganga wenu. Hakuna kuku mweusi, hakuna hirizi, hakuna jina la babu.

Sasa tuje kwenye Maandiko, maana najua wengine mmeshafungua Kumbukumbu la Torati 18. Fungua, uisome taratibu. Orodha ile inakataza kuwapitisha watoto motoni, kupiga ramli, kutafuta habari kwa wafu, kuomba msaada kwa pepo. Vitu vyote vile vina shina moja: mtu anatafuta siri au nguvu kwa roho asiye Mungu. Niambie, kukaa kwenye kiti na kuwaza baraza ya nyanya yako kunaingia wapi kwenye orodha hiyo? Kama kuwaza kwa makini ni uchawi, basi kijana anayekesha akiwazia mtihani ni mchawi.

Wengine mnaleta Mathayo 12, nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu. Mnasema hipnosisi huiacha akili tupu. Hapo ndipo mnapokosea kabisa. James Braid, daktari mpasuaji wa Manchester aliyelieneza jina hilo katika kitabu chake cha mwaka 1843, alilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi, halafu mwenyewe akajuta, kwa sababu aliona huo si usingizi. Aliona akili imeshikwa na wazo moja kwa nguvu. Akili tupu? Yangu haijawahi kujaa namna ile.

Nitakubali kitu kimoja, kwa sababu ni haki. Jambo hili lilizaliwa katika kelele. Franz Mesmer, karne ya 18, aliwaambia watu wa Vienna na Paris kwamba kuna kiowevu kisichoonekana kinachopita kati ya miili, naye anaweza kukiongoza. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa akaunda tume, ndani yake yumo Benjamin Franklin, wakalipima dai hilo mpaka wakasema: hakuna kiowevu, ni mawazo ya wagonjwa wenyewe. Baadaye padri mmoja kutoka Goa, Abbé Faria, akawafundisha watu wa Paris kwamba nguvu haiko kwa anayemwongoza mtu, iko ndani ya mtu anayeongozwa. Mombasa tunawajua Wagoa, basi mjue pia kwamba Mgoa mmoja ndiye aliyeliweka jambo hili sawa, na alikuwa padri. Chama cha madaktari wa Uingereza kilikubali hipnosisi kama chombo cha tiba mwaka 1955, na kile cha Marekani mwaka 1958. Hao hawakuwa wamekaa chini ya mbuyu.

Na 2 Timotheo 1:7? Najua mtaniwekea mstari huo, nami naupenda. Lakini Paulo alikuwa anamwambia kijana asione haya kushuhudia habari za Bwana. Kijana huyo huyo, tumbo lilipomsumbua, Paulo hakumkemea roho ya tumbo. Alimshauri atumie divai kidogo. Na katika safari zake Paulo alikuwa na Luka, tabibu. Kwa nini tumbo la Timotheo lipewe dawa, na moyo wangu unaodunda gatini upewe kemeo?

Sasa nikuguse mahali panapouma.

Unasema unaogopa mtu atakayeitawala akili yako. Vizuri. Mimi ni mchungaji, nasimama mbele yenu kwenye kesha. Ni saa tisa usiku, hamjala tangu mchana, kinanda kinapiga noti mbili zile zile kwa dakika 40, taa zimepunguzwa, nawaambia fumba macho, inua mikono, mwili wako unakuwa mwepesi, kuna moto unapita safu ya tatu. Na moto unapita safu ya tatu. Nimefanya hivyo miaka 15. Naamini Roho Mtakatifu hushuka, nimemwona akishuka, sitarudi nyuma katika hilo. Lakini nikisema kila aliyeanguka usiku ule ameangushwa na Roho nitakuwa nawadanganya, na wachungaji wenzangu wanaosoma hapa wanajua ninachosema. Yule mama wa Diani aliniomba ruhusa kila hatua. Mimi sijawahi kuwaomba.

Unamwogopa mwanasaikolojia aliyekuambia unaweza kufungua macho, na humwogopi nabii aliyekuambia usimwulize mtu yeyote. Mwaka 2023, hapa pwani yetu, kaunti ya Kilifi, katika msitu wa Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Hakuna mwanasaikolojia aliyewapeleka kule. Walipelekwa na mahubiri. Baada ya Shakahola, mtu wa kanisa akija kuniambia kwamba hatari ya akili za watu wetu iko kwenye kiti cha hospitali, nitamsikiliza kwa heshima, lakini atanisamehe nisipoinua mkono kusema Amina.

Sijasema ukimbilie kila mtu aliyeandika neno hipnosisi kwenye bango. Wapo matapeli. Ukiona anaahidi kuondoa woga wa miaka 20 kwa kikao kimoja na pesa utume kwanza, ni ndugu wa wale wa "mpenzi arudi kwa saa 24". Akikuambia atakurudisha kwenye maisha uliyoishi kabla ya kuzaliwa, simama utoke, hayo nayakataa kama mchungaji na madaktari waangalifu wanayakataa pia. Akisema atachimba kumbukumbu zilizofichika, kataa: mtu akiwa katika hipnosisi anaweza kuona picha ambayo haijawahi kutokea akaiamini kama kweli, na familia zimevunjika kwa hayo. Yule mama hakuchimba Mtongwe yangu hata siku moja. Na mtu anayesikia sauti au kuona vitu aende kwa daktari wa akili kwanza, asianzie huku. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Muulize mtu kasomea wapi, amesajiliwa wapi, na anatibu nini kingine mbali na hipnosisi. Asiyejua kitu kingine hajui hata hicho.

Wewe uliyerekodi ile sauti, nakufahamu kwa kikohozi chako, na sikukasirikii. Ulikuwa unalilinda kanisa kwa namna niliyokufundisha mimi. Njoo nyumbani, mama atapika pilau. Lakini ile sauti iondoe, kwa sababu kuna kijana kwenye grupu la vijana ambaye ameacha chuo kwa kuogopa kusimama mbele ya darasa. Alikuwa ameniahidi atatafuta msaada, na jana usiku akaniandikia: "Pasta, kumbe ni dhambi?"

Nimemjibu hapana. Nimemwambia nitaendelea kumwombea kila siku, na nitampeleka mwenyewe.

Kwako wewe mwingine unayesoma huku umeficha simu, unayepanda ngazi ghorofa nane kila siku ukisema ni mazoezi, usiandike Amina hapa chini. Niandikie kando. Na kama woga wako ni kama wangu, Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa kwenye foleni ya feri upande wa Likoni, shati la buluu. Bado moyo unanipiga kidogo, kama 3 hivi. Tutavuka pamoja, twende na kurudi mara utakazotaka. Kwa watu wa miguu ni bure.